Kiwanda kimepata tajiri mpya, ng'ombe ni wale wale

Kiwanda cha nyama kikiuzwa, mfugaji huuliza swali moja tu: huyu tajiri mpya atachukua kilo kwa ngapi? Nami niliuliza hivyo hivyo, nikajibiwa ukweli mtupu. Bei haikuguswa. Ubao wa pale getini uliachwa na maandishi yale yale ya chaki, na kwa miezi kadhaa hakuna aliyeufuta. Hata hivyo, kila lori tuliloshusha lilirudi na fedha pungufu kuliko lori kama hilo la mwaka uliotangulia. Fedha hizo zilipotelea wapi ndiyo habari ninayotaka kuieleza, maana viwanda hivi huku kwetu huuzwa, hukodishwa na kuhamishwa wizara hadi wizara, na mfugaji ndiye hupashwa habari mwisho kabisa, tena na dereva.

Kazi yetu sisi ni kunenepesha. Tunanunua maksai wembamba wa Garissa na Tana River, tunawaleta kwenye ranchi za kukodi upande wa Taita Taveta, kati ya Maungu na Mackinnon Road, wanakula nyasi mpaka mbavu zifunike, kisha tunawauza. Ami yangu aliianza biashara hii enzi serikali yenyewe ikinunua ng'ombe kaskazini na kuwapumzisha pale Bachuma kabla ya kuwateremsha Mombasa au kuwapeleka Nairobi. Mimi nimeirithi wakati serikali imeshajitoa, na mnunuzi ni yeyote mwenye kichinjio, leseni na friji inayofanya kazi.

Kiwanda ninachokisema hapa sikitaji jina. Kilikuwa cha mtu binafsi, mzee aliyekijenga mwenyewe na kukiendesha na wanawe. Alikuwa mkali, mchelewaji wa kulipa, lakini hakuwahi kumnyima mtu haki yake. Ukimpigia simu usiku ukamwambia lori limeharibika njiani na ng'ombe wana kiu, alikuwa akiamsha watu wafungue zizi. Sikuona thamani ya jambo hilo mpaka lilipokosekana.

Habari za kuuzwa nililetewa na kijana wetu wa lori. Alipiga simu alfajiri akasema, "Mjomba, leo getini kuna askari wapya, sare nyingine. Wanataka karatasi ambazo hatujawahi kuulizwa." Kibali cha kusafirisha mifugo cha daktari wa mifugo alikuwa nacho, kama kawaida. Walichotaka ni barua ya nafasi, yaani uthibitisho kwamba ng'ombe wetu wamepangiwa siku ya kuchinjwa. Barua kama hiyo haikuwapo duniani mpaka asubuhi ile.

Baada ya siku chache tukaitwa kikao. Chai, maandazi, chupa za maji, na meneja kijana mwenye adabu nyingi. "Wazee wangu, shikamooni," akaanza, halafu akatueleza mipango yake vizuri tu: friji mpya, umeme wa uhakika, soko la nchi za Ghuba, kule Uarabuni. Tukamsikiliza hadi mwisho. Kisha mzee mmoja wa Kiorma, ambaye alikuwa anadai fedha za ng'ombe waliochinjwa kabla ya mauzo, akauliza atalipwa lini. Meneja akajibu kwa upole kwamba wao walinunua kiwanja, majengo na mitambo. Kampuni ya zamani hawakuinunua, na madeni yalibaki kwa kampuni ya zamani. Mzee akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo ng'ombe wangu nilimuuzia ukuta?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Hapo ndipo ningependa kila mfugaji asimame kidogo, kwa sababu kwa nje mauzo ya aina zote mbili yanafanana. Kuna kununua kampuni na kuna kununua mali za kampuni. Mtu akinunua hisa za kampuni, kampuni ni ile ile, deni lake ni lile lile. Aliyebadilika ni anayekaa kwenye kiti. Akinunua mali tu, mara nyingi kutoka kwa benki iliyokuwa na rehani au kwa mfilisi, yaani msimamizi wa mali ya kampuni iliyoshindwa kulipa madeni, anachukua mitambo safi, na lile jina la kampuni linabaki limebeba madeni bila hata kulabu moja ya kuyalipia. Kwenye foleni ya kulipwa, benki hujilipa kutoka kwenye rehani yake, gharama za ufilisi hutolewa, mishahara ya wafanyakazi na kodi za serikali hutangulia. Aliyeleta ng'ombe kwa mkopo, bila dhamana yoyote, yuko nyuma kabisa pamoja na muuza majani na fundi wa friji. Kenya ina Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 inayoeleza foleni hiyo, na mwanasheria aliyetusomea hakutuficha: jazeni fomu ya madai, ambatanisheni risiti za mzani, msubiri.

Risiti za mzani. Waliokuwa nazo walijaza fomu siku ile ile. Waliouza kwa kuaminiana, kwa sababu mzee mwenye kiwanda aliwajua na baba zao, walianza kutafuta mashahidi.

Deni ni jambo la mara moja, ukilipoteza unalia unaendelea. Mabadiliko yaliyotuumiza kwa muda mrefu yalikuwa ndani ya chumba cha mzani, na sikuyagundua mpaka nilipoingia na kusimama humo asubuhi nzima.

Zamani ilikuwa hivi. Ng'ombe akishachinjwa, kuchunwa na kutolewa matumbo, anapasuliwa nusu mbili, mkaguzi anapitia, anapiga mhuri, na hapo hapo nusu zinasukumwa kwenye reli mpaka mzanini, nyama bado inafuka mvuke. Kilo zilizosomwa hapo ndizo ulizolipwa. Figo zilikuwa ndani na mafuta yake, mkia haukuguswa mpaka baada ya mzani. Chini ya utaratibu mpya, mtu mwenye kisu alisimama kabla ya mzani. Nilimtazama. Alikuwa fundi kwelikweli: mkono wa kushoto unashika mafuta yanayozunguka figo, wa kulia unapitisha kisu mara moja, yanatoka kama yalivyo na kuangukia ndoo nyeupe. Kisha anakata sehemu yoyote iliyovilia damu, pale paja lilipogongwa na ubao wa lori. Kisha shingo inasafishwa. Baada ya hapo nusu zote mbili zinaingia chumba cha baridi, zinalala, na mzani unasomwa kesho yake.

Hakuna wizi hapo. Nyama ikipoa hupoteza maji, asilimia mbili hivi, na viwanda vingi duniani hulipa kwa uzito wa nyama iliyopoa. Kutoa mafuta ya figo ni jambo la kawaida pia. Lakini bei ya kilo iliyopangwa zamani ilikuwa bei ya kilo ya moto, yenye figo na mafuta yake. Ukihamisha mzani bila kuhamisha bei, umepunguza bei. Chukua maksai aliyetoa kilo 160 za moto. Kupoa kumekula kilo tatu, mafuta ya figo mengine tatu, na hapo sijahesabu michubuko. Tuseme kilo ni shilingi 450. Zimeondoka shilingi 2,700 kwa ng'ombe mmoja. Kwa lori la ng'ombe ishirini ni shilingi 54,000, na kwa mnenepeshaji aliyekodi nyasi, akalipa wachungaji, dawa za kupe na lori, hiyo mara nyingine ndiyo faida yote. Na ubao wa getini bado unasema 450.

Yale mafuta ya ndooni yaliuzwa. Nilimwona mnunuzi wake akija na pikipiki.

Jambo la tatu lilikuwa kusubiri. Tajiri mpya alikuwa na oda ya Ghuba, na Ghuba huku kwetu inataka mbuzi na kondoo kuliko ng'ombe: nyama nzima nzima ya mbuzi, imepozwa, inapanda ndege usiku, asubuhi iko sokoni ng'ambo. Mbuzi hulipa haraka na kwa dola. Kwa hiyo siku za ng'ombe zikapunguzwa, na siku ndege ilipokuwa na nafasi zaidi, hata siku yetu iliyobaki ilisogezwa. Lori linafika, linaambiwa kesho. Kesho linaambiwa jioni. Ng'ombe wako kwenye zizi la kusubiria, maji yapo, majani hakuna, kwa kuwa ng'ombe wa kuchinjwa hawalishwi.

Anayeuza kwa uzito wa ng'ombe aliye hai anaona hasara ya kusubiri mara moja, kwa sababu tumbo likiwa tupu mzani unashuka. Anayeuza kwa uzito wa kulabuni, yaani wa nyama baada ya kuchinjwa, hudhani amesalimika, kwa vile kinyesi na maji ya tumboni hakuwa akilipwa tangu mwanzo. Siku ya kwanza hilo ni kweli. Siku ya pili ng'ombe anaanza kula nyama yake mwenyewe. Anapigana na wageni zizini, anachubuka, na mchubuko ule unakatwa kabla ya mzani. Akifa kabla ya kuchinjwa, ni wa nani? Kwa mzee wa zamani, ng'ombe akivuka geti la ndani alikuwa wa kiwanda. Kwa wapya, alikuwa wetu mpaka chumba cha baridi. Akikutwa na tegu, nyama yake ikagandishwa kwanza kabla ya kuruhusiwa kuliwa, tofauti ya bei ilikuwa yetu. Ini lenye minyoo likatupwa, letu.

Ukiyaweka yote pamoja utaona kuna jambo moja lililofanyika mara nyingi kwa majina tofauti: kila hasara iliyokuwa ikiangukia kiwandani, kati ya geti na kulabu, ilisogezwa ikaja upande wetu. Mkataba haukuandikwa upya, hakuna aliyetangaza, na bei haikushuka. Ndiyo maana huwa nawaambia vijana wanaoingia biashara hii kwamba bei ya kilo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni nani anakaa na ng'ombe, kwa muda gani, na nani analia akianguka.

Jina la KMC, Tume ya Nyama ya Kenya, yaani kichinjio cha serikali, lazima liingie hapa, kwa sababu Mkenya akisikia kiwanda cha nyama ndilo hulifikiria, na pia kwa kuwa historia yake inaonyesha kitu ambacho kiwanda cha mtu binafsi hukificha. Pale Athi River, kabla ya KMC, palikuja kampuni ya Liebig, iliyokuwa ikitengeneza nyama ya mikebe na dondoo la nyama kwa soko la Uingereza. Kiwanda cha namna hiyo hakihitaji ng'ombe mnono. Kinahitaji ng'ombe wengi, wembamba, kwa bei ya chini. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ikaamua kwamba Wakamba wana ng'ombe kupita kiasi, ikawakamata ng'ombe wao na kuwauza kwa lazima. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, akawaongoza watu kwa miguu mpaka Nairobi, wakapiga kambi kwa majuma kadhaa wakitaka kuonana na gavana. Yeye alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu, lakini uuzaji ule wa lazima serikali ikauacha. Maelezo rasmi yalikuwa kwamba udongo wa Ukambani unamomonyoka, na kweli ulikuwa unamomonyoka. Lakini kiwanda kilichokuwa na njaa kilikuwa jirani, na wazee wa Machakos hawakuhitaji kuambiwa uhusiano wake.

KMC iliundwa mwaka 1950 na ikaja kufanya kazi Athi River. Kwa miaka mingi miji mikubwa ilikula nyama yake. Baadaye ikasuasua, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikafufuliwa mwaka 2006 ukame ukiwa umeuma. Mwisho wa mwaka huo huo homa ya Bonde la Ufa ikalipuka Garissa, uchinjaji na usafirishaji ukazuiwa, na sisi tulionunua huko tukakaa na fedha zimegeuka ng'ombe wasioweza kuvuka mto. Septemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta akaitoa KMC Wizara ya Kilimo na kuikabidhi Wizara ya Ulinzi. Malalamiko ya wafugaji kabla ya hapo yalijulikana na kila mtu: malipo yanachelewa. Ahadi iliyotangazwa na wenyewe wapya ilikuwa mfugaji alipwe ndani ya saa 72.

Wengi walibishana kuhusu wanajeshi na ng'ombe, kama ni kazi yao au la. Mimi kilichonivutia ni kwamba walianza na siku za malipo kabla ya bei. Aliyepanga hivyo alijua wafugaji. Mwenye ng'ombe kumi hawezi kumkopesha mtu yeyote, hata serikali. Akingoja malipo miezi mitatu, amekosa msimu wa kununua wembamba, na msimu ukimpita anakula mtaji. Ningekubali kupunguziwa shilingi kumi kwa kilo nikilipwa kesho, na najua wengi wangekubali. Jirani zetu wa Tanzania nao walikuwa na kiwanda chao cha ubia kati ya serikali na Liebig hao hao, Tanganyika Packers pale Kawe. Leo ukilitaja jina hilo Dar es Salaam, watu wanafikiria viwanja vya mikutano ya injili. Nani aliuliza wafugaji wa bara walipeleka wapi ng'ombe wao kiwanda kilipokufa?

Narudi kwetu. Nilidhani mabadiliko yale yatawagusa wanaouza kiwandani tu. Kumbe bei ya kiwanda ndiyo kigingi ambacho bei nyingine zote zimefungwa kamba. Wenye bucha wa Mombasa, ambao hawajawahi kukanyaga kiwanda kile, walisikia kwamba siku za ng'ombe zimepunguzwa. Juma lililofuata madalali mnadani wakaanza kuvuta shingo: "Mzee, unaringa na maksai wako, utampeleka wapi? Kule wanataka mbuzi." Ng'ombe ambao kiwanda kingewachukua Jumatatu waliingia soko la mtaani Jumanne, wakaongezeka kuliko wanunuzi. Hata mama mwenye ndama mmoja wa kulipia karo ya shule aliathirika, na hakujua kwamba kuna kiwanda kimeuzwa.

Kuna na wale akina mama wa matumbo. Walikuwa wakija getini alfajiri na ndoo zao, wanachukua matumbo, vichwa na miguu kwa mkopo, wanaosha, wanauza mitaani, jioni wanalipa. Tajiri mpya aliyauza yote kwa zabuni kwa mnunuzi mmoja mwenye gari la friji. Kwa usafi, sina ubishi, gari lile lilikuwa bora. Lakini katika hesabu ya kichinjio, matumbo, ngozi, kichwa na miguu ndivyo vinavyolipa gharama ya kuchinja, na mara nyingi ndivyo faida yenyewe. Mzee wa zamani alikuwa akisema waziwazi kwamba anaweza kutupa sisi bei nzuri ya nyama kwa sababu ngozi inamlipia umeme. Kwa wapya, mapato hayo yaliingia mfuko mwingine, na sisi tukaonyeshwa hesabu ya nyama peke yake tukiambiwa, tazameni wenyewe, hatupati kitu.

Nikiacha hayo, sitasema uongo kwamba kila kitu kiliharibika. Malipo yalianza kuja kwenye simu na benki kwa siku walizosema. Hilo peke yake liliwafanya wenzangu wawili watatu wasitake kusikia nikilalamika. Maksai kijana, mwenye meno ya kudumu mawili au manne tu, mwenye nyama ya kutosha, alipewa bei ya juu kuliko ng'ombe mzee, wakati zamani wote walipimwa kwa jicho moja. Mkaguzi alipewa taa nzuri na nafasi ya kufanya kazi bila kusukumwa. Ukitaka kuona ini lililokataliwa, unaitwa, unaonyeshwa. Mwenye ng'ombe wazuri, lori lake mwenyewe na mtu wa kukaa ofisini kufuatilia barua za nafasi alipata zaidi kuliko zamani. Nawajua, na hawana sababu ya kumsema vibaya tajiri mpya.

Aliyepoteza ni mwenye ng'ombe jike mzee. Huyo ndiye ng'ombe wa ukame: amezaa, amekauka, mvua haikuja, unataka umtoe kabla hajalala chini. Kiwanda cha oda ya Ghuba hakimtaki. Mvua zilipokosa kunyesha msimu baada ya msimu kuanzia mwisho wa 2020 mpaka mwanzo wa 2023, mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa Kenya, serikali ililazimika kununua wanyama dhaifu kutoka kwa wafugaji, na KMC ilikuwa mojawapo ya milango ya kuwapokea. Unaweza kuisema KMC utakavyo, lakini nani mwingine angefungua geti kwa ng'ombe wa kilo tisini za nyama? Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja pekee yenye uzito ya serikali kuwa na kichinjio. Kuuza nyama nzuri kwa mtu mwenye fedha, tajiri yeyote anaweza. Kumchukua ng'ombe mwembamba wakati kila mtu anauza mwembamba ni kazi nyingine, na haina faida, na ndiyo maana inapaswa kuandikwa kwenye bajeti na kulipiwa kabisa, badala ya kudaiwa kwamba ni biashara halafu wafugaji wanacheleweshewa fedha ili hesabu zionekane nzuri.

Sisi tulifanya nini? Tulianza na mtu wa kusimama mzanini. Wanenepeshaji wa ranchi tano tulichanga tukampa posho kijana mmoja aliyemaliza chuo cha mifugo, siku zetu za kuchinja anakuwapo. Hana ugomvi, anaandika tu: namba ya ng'ombe, kilo za moto, kilo za baridi, kilichokatwa, kwa nini. Mara ya kwanza karani alimuuliza ametumwa na nani. Mara ya tatu akamletea kiti. Michubuko ilipungua, si kwa sababu ng'ombe walianza kusafiri vizuri zaidi, ingawa nao tuliwatandikia mchanga na kufunga magunia kwenye mbao za pembeni za lori. Ilipungua kwa sababu mwenye kisu alijua kuna mtu anatazama upana wa kisu chake.

Kisha tukaenda kwa meneja na karatasi moja. Wala hatukuzungumza bei. Tulitaka aandike kilo zinazolipwa ni za saa ngapi, kipi kinatolewa kabla ya mzani, ng'ombe akilala zaidi ya usiku mmoja kwa sababu ya kiwanda nani anamlisha na nani anabeba akifa, na fedha zinaingia siku gani. Alisoma, akasema atampelekea mwenye kiwanda huko Nairobi. Zikapita wiki. Tulikubaliwa mawili na kunyimwa mawili: mafuta ya figo yalibaki kwao na kilo zikabaki za baridi, lakini usiku wa pili ukawa juu yao, na siku ya malipo ikaandikwa. Tukakubali. Baada ya karatasi ile kusainiwa, ajabu, malori yetu hayakulala tena mara nyingi. Usiku ulipopata bei, nafasi zikapatikana.

La mwisho tulilofanya ni kununua mzani wa ng'ombe hai, wa kuweka chini ya kizimba. Ni ghali, tulichangia kwa mafungu. Umekaa ranchi moja na wengine wanapeleka ng'ombe wao hapo. Sasa kabla lori halijaondoka najua uzito wa kila maksai, na nikizidisha kwa nusu najua ninachotarajia kulabuni, nikiongeza au kupunguza kidogo kulingana na tumbo lilivyojaa. Wenye bucha wa Voi na Mombasa nao wamezoea kuja, wanapima, wanalipa hapo hapo kwa ng'ombe aliye hai. Bei yao kwa kilo ukiigeuza kuwa ya nyama ni ndogo kuliko ya kiwanda. Lakini akipanda lori ni wake: kiu ni yake, mchubuko ni wake, tegu ni yake. Nagawa kundi: vijana wenye nyama wanaenda kiwandani, waliobaki wananunuliwa zizini.

Madai ya yule mzee wa Kiorma bado yako kwa mfilisi. Alijaza fomu, alikuwa na risiti zote kwenye mfuko wa plastiki ndani ya kofia. Majuzi alinipigia akauliza kama nimesikia kwamba kiwanda kinatafutiwa mshirika mwingine kutoka nje. Nikamwambia nimesikia. Akaniuliza wananunua kampuni au wananunua ukuta, na akaniambia mpaka apate jibu hilo, ng'ombe wake ataendelea kuwauza kwa fedha taslimu.